Mfalme wa Betri

Tulikubaliana saa tatu. Saa nne bado natafuta mabenchi.
Bwalo lilinuka maharage ya jana,
na Bi Zamzamu wa jikoni akasema meza zake zirudi
kabla ya saa saba, tena zirudi zimepanguswa,
mchezo uishe usiishe.

Mbao zilikuwa saba.
Tano za plastiki, kutoka soko la Arua,
moja ya kadibodi, na ya mwisho niliichora usiku
juu ya mfuko wa saruji, kwa rula iliyomeguka pembe,
ndiyo maana miraba ya upande wa malkia imenenepa kidogo.

Kete hazikutimia. Shuleni kete hazitimii.
Vizibo vya soda vikawa askari,
kifuniko cha dawa ya meno kikawa ngome,
na meza ya nne mfalme mweupe
alikuwa betri ndogo niliyoichomoa kwenye tochi,
chuchu yake ikitazama dari kama mwenye cheo.

Waliojiandikisha: kumi na watatu.
Kumi na watatu hawagawanyiki kwa wawili.
Nimefundisha hesabu miaka tisa, na bado nilisimama pale
nikitafuta namna ya kumwambia mtoto:
pumzika raundi hii, unapata pointi ya bure.
Candiru wa kidato cha kwanza aliikataa.
"Pointi ya bure nikamsimulie nani nyumbani?"

Nikamwita Bi Zamzamu.
Akajifuta mikono kwa kanga, akakaa.
Dama anaijua tangu utoto; farasi ndiye aliyemshangaza.
"Huyu anakwenda kama mdeni aliyeona duka la mdai wake."
Akafungwa kwa hatua kumi na moja,
akacheka mpaka akakohoa, akaomba raundi nyingine.
Habari ya meza zake sikuisikia tena.

Raundi ya nne, saa ya ukutani ikafa.
Mshale wa sekunde ukawa unatetemeka palepale,
kama mtu anayejaribu kunyanyua gunia lisilo lake.
Bila saa, Onzima angefikiria hatua moja mpaka Krismasi.
Nikaitazama meza ya nne.
Betri iliyochoka kwa tochi
bado ina miezi kwenye saa.

Driwaru, mwenye kete nyeupe, aliuona mkono wangu unakuja.
"Mwalimu, unamtoa mfalme wangu?"
Ezaruku akaruka juu ya benchi:
"Nimeshinda! Mfalme kakimbia!"
"Hajakimbia," nikasema. "Amekwenda kuendesha saa."
Sheria nilizobandika mlangoni zilikuwa nane,
na hata moja haikuwa imewaza jambo hilo.
Nikaweka kipande cha chaki mahali pake,
cheupe kuliko yeye alivyokuwa.

Hapo mvua ikashuka juu ya mabati.
Mtu akisema "shaha" hasikiki;
tukawa tunagonga meza, mara moja kwa shaha,
mara mbili kwa kifo.
Mkia wa mchezo ule niliutazama nimesimama:
ubao umebaki mtupu, askari wawili, ngome moja,
na mfalme wa chaki akitembea peke yake kwenda katikati,
akiacha vumbi kila alipokanyaga,
hata ukaweza kuisoma safari yake yote, pamoja na pale aliposita.
Ezaruku aliisoma pia. Akanyamaza.
Kisha Driwaru akagonga. Mara mbili.

Jioni, raundi ya tano imekwisha,
nikachukua chaki kuandika washindi ubaoni.
Nilikuwa nimefika "Driwa"
wakati mwenyewe aliponishika kiwiko:
"Mwalimu, hicho ni mfalme wangu."
Tukakitazama. Kilikuwa kimebaki kama punje ya hindi.
"Basi malizia," akasema.

Zawadi ilikuwa kilo ya sukari.
Alimpimia Bi Zamzamu kikombe kizima.

Nilipofunga bwalo giza lilikuwa limeshika njia ya kilimani,
na nyuma yangu saa ilikuwa ikigonga vizuri tu.
Nikabonyeza tochi. Nikabonyeza tena.
Nikaenda nyumbani mraba kwa mraba.